Tone Linalocheza Juu ya Paa

"Tovuti yangu hata paka anaweza kuitumia," alisema Ramiro Quintana, akajizungusha na kiti chake mara moja kwa madaha. "Mpe paka simu, geuka uchemshe kahawa. Ukirudi, lori la mafuta liko mlangoni."

Wenzake studioni wakacheka. Solange Robitaille hakucheka, na katika mji mzima wa Lewiston hakukuwa na mtu ambaye Ramiro alitaka acheke zaidi ya huyo.

Kazi ya Ramiro ilikuwa kuzibuni tovuti, kuzipaka rangi na kuzipa mwendo. Kazi ya Solange ilikuwa kuwakalisha watu wa kawaida mbele ya hizo tovuti na kuangalia wanavyohangaika. Yaani mmoja anamvalisha bibi harusi, mwingine anamwambia hebu tembea tuone kama viatu vinakubana. Watu wa kazi hizi mbili huwa hawapatani. Hawa wawili walipendana, na matatizo yakaanzia hapo.

Tovuti iliyokuwa mezani safari hii haikuwa ya mtu baki. Ilikuwa ya Robitaille na Binti, kampuni ya mafuta ya kupashia nyumba joto, na huyo Binti wa kwenye jina ndiye Bi Gisèle, mama yake Solange, aliyeyarithi malori kwa baba yake. Bi Gisèle alikuwa mwanamke mwenye mabega ya kubeba mzigo na macho ya kupekua. Kulikuwa na vitu viwili asivyovipenda: tangi tupu katika nyumba ya mteja wakati wa theluji, na wanaume wa kutoka mbali. Ramiro alitoka Tucson, Arizona, jangwani, ambako baridi ni kitu unachokikuta ndani ya friji.

"Mama, hii pai ya nyama ni tamu sana," Ramiro aliwahi kumwambia mezani, Jumapili moja.

"Mimi si mama yako," alijibu Bi Gisèle, akimwongezea kipande. "Kula. Unatengeneza tovuti yangu, sivyo? Basi kwanza niione kazi. Mtu nitamtazama baadaye."

Ramiro aliyabeba maneno hayo kama ahadi. Jumamosi tovuti ingejaribiwa mbele ya Bi Gisèle mwenyewe. Akiikubali, Ramiro angemwomba binti yake jioni hiyohiyo. Pete alikuwa nayo tayari. Aliificha mahali ambapo mwizi mwenye akili timamu asingepeleka mkono.

Lakini kwanza kulikuwa na jaribio dogo la Jumatano, na yule paka alianza kuaibika siku hiyo.

Aliyekuja kujaribu ni Bwana Norman Pruitt, mstaafu aliyeendesha basi la shule maisha yake yote. Solange alimkalisha kwenye chumba kidogo mbele ya kompyuta. Ramiro na wenzake walikaa chumba cha pili, wakiangalia kwenye skrini kubwa kila anachokiona mzee na uso wake pia. Sheria ya chumba cha watazamaji ni kufunga mdomo. Mezani kwao palikuwa na kidude kimoja tu cha kusemea na kile chumba kidogo, chenye kitufe chekundu kikubwa kilichoandikwa ONGEA. Hukibonyezi mpaka jaribio limekwisha. Ramiro alikuwa akikicheka kila siku. Alisema kitufe hicho kimebuniwa na fundi wa matrekta.

"Bwana Pruitt, hatukupimi wewe," Solange alisema kwa ile sauti yake ya kazi, isiyoegemea popote. "Tunaupima ukurasa. Tuseme tangi lako limekauka, unataka mafuta. Fanya kama uko nyumbani, na useme kila kinachopita kichwani mwako."

Ukurasa ukafunguka. Usiku wa buluu, theluji ikianguka polepole kama manyoya. Nyumba ndogo ikatokea, madirisha yakawaka moja moja, na juu ya paa tone la dhahabu likaanza kucheza, likiinua mguu huu na ule. Chini yake kulikuwa na maneno machache ya kijivu, mepesi kama moshi.

"Nyumba nzuri," alisema mzee. "Theluji inaanguka. Taa hizo zimewaka. Kuna tone linacheza juu ya paa. Linacheza vizuri kabisa."

Akalitazama. Tone likacheza.

"Sasa nangoja nini?"

"Ungekuwa nyumbani ungefanya nini?"

"Ningepiga simu."

"Tuseme simu haipokelewi."

"Basi ningehamia kwa dada yangu."

Chumba cha watazamaji mtu akapaliwa na kicheko. Ramiro alikuwa ameng'ata mkono wa sweta yake. "Libonyeze tone," alinong'ona. "Mzee wangu, lipo mbele yako, libonyeze!"

Bwana Pruitt akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Filamu nimeipenda, mama. Sasa niambie, mafuta yanauzwa wapi?"

Jaribio lilipokwisha, Solange alimkuta Ramiro dirishani, pale ambapo studio yao, iliyokuwa kiwanda cha pamba zamani, inautazama mfereji. Barafu ilikuwa imefunika maji. Alisimama karibu naye, si karibu sana.

"Sema," alisema Ramiro bila kugeuka.

"Sina la kusema. Mzee amesema."

"Macho yake ndiyo..."

"Macho yake mazima. Tone aliliona, akalisifia."

"Basi si alibonyeze!"

"Kwa nini alibonyeze? Wewe ukimwona mtu anacheza juu ya paa la nyumba yake, unapanda ukambonyeze?"

Ramiro alitaka kukasirika, kicheko kikamwahi. Akageuka. Solange alikuwa na tabia ya kubana nywele zake kwa kalamu, na kila siku uzi mmoja wa nywele ulitoroka ukalala shingoni. Mwanaume mzima, mwenye shahada ya sanaa, alikuwa anashindwa kufuata mazungumzo kwa sababu ya uzi mmoja wa nywele.

"Solange, ule ukurasa ni mzuri."

"Ni mzuri. Siku uliponionyesha nililia, unajua."

"Basi?"

"Basi mimi tangi langu lilikuwa limejaa. Aliyeishiwa mafuta hajaja kulia. Ana watoto wamevaa makoti kitandani, simu ameishika na glavu, na wewe unamchezea ngoma."

"Unataka niweke kitufe kama hicho chenu cha trekta."

"Nataka kitufe kilichoandikwa Agiza mafuta. Rangi chagua wewe, hiyo ndiyo kazi yako. Na hayo maneno ya kijivu..."

"Yanapumua."

"Yanapumua, lakini hayasomeki. Kuyasoma, mama yangu ameiweka simu usoni hivi, kama anainusa."

"Tukiondoa uzuri tutafanana na kila mtu."

"Nani kasema uuondoe? Usogeze pembeni kidogo, watu wapite."

Neno hilo lilimuuma Ramiro kwa sababu lilikuwa kweli, na lilimuuma zaidi kwa sababu lilitoka kwenye mdomo aliokuwa akiuwaza tangu asubuhi.

"Jumamosi anakuja nani kujaribu?" aliuliza.

"Bibi Albertine."

Moyo wa Ramiro ukaruka ngazi moja. Bibi Albertine alikuwa mama yake Bi Gisèle. Bi Gisèle alibishana na madereva, na benki, na padri. Kwa mama yake hakubishana. Bibi akisema kitu ni kizuri, nyumba nzima ya Robitaille ilikiona kizuri.

"Ramiro." Solange alikuwa akimtazama. "Usimwonyeshe ukurasa kabla. Mtu akishaonyeshwa njia, hatupimi tena ukurasa. Tunapima kumbukumbu yake."

"Kwani mimi mtoto?"

"Sijasema wewe mtoto. Nimesema usimwonyeshe." Akashika ukosi wa shati la Ramiro, akaunyoosha ingawa haukuwa umekunjamana. "Yule niliyekuwa naye kabla yako hakuwa mtu mbaya. Alinidanganya vitu vidogo tu. Amekula, kumbe hajala. Amepita dukani, kumbe hajapita. Nikafika mahali akisema nje kunanyesha, natoka kushika mwenyewe. Wewe nikikuuliza, unanijibu. Ndiyo maana nipo hapa."

"Nitakujibu siku zote," alisema Ramiro.

Alisema kwa moyo wake wote. Mdomo wake ulikuwa na mpango mwingine.

*

Kesho yake mchana alijiambia anakwenda kumsalimu bibi tu. Mtu hawezi kwenda kumsalimu bibi mikono mitupu, kwa hiyo akanunua keki za chokoleti zenye krimu katikati. Na mtu akienda mahali na kompyuta yake mkobani, si kosa lake, huo ni mkoba wa kazi.

Bibi Albertine alimfungulia mlango akiwa na koti, skafu na kofia ya sufu.

"Mwana wa jangwa!" alisema. "Vua viatu. Koti usivue."

Jikoni walikula keki. Bibi alikula ya kwanza kwa adabu na ya pili bila adabu. Halafu Ramiro akafungua kompyuta. Kwa kujifariji alijiambia kwamba anamwonyesha bibi picha.

"Usijisumbue na maandishi, Bibi. Maandishi ni mapambo. Wewe tafuta tone linalocheza juu ya paa, libonyeze tumboni. Mafuta yanakuja."

"Tumboni."

"Tumboni hapo. Hebu."

Bibi akabonyeza. Ukurasa wa kuagiza ukafunguka. Akacheka kama msichana. Akarudia tena na tena, mpaka kidole kikawa kinakwenda chenyewe.

"Ila hili liwe siri yetu," alisema Ramiro, akiangalia kikombe chake.

"Kwa nini liwe siri?"

"Tunataka... tumfurahishe Solange."

Bibi alimtazama kwa muda. Macho yale yalikuwa ya Solange, yamekaa kwenye uso wa zamani.

"Sitamwambia mtu," alisema. "Unampenda mjukuu wangu?"

"Bibi, nampenda mpaka nimeanza kuipenda theluji."

"Huo uongo."

"Ni uongo. Theluji inanitesa. Lakini yeye nampenda. Pete nimeshanunua."

"Iko wapi?"

"Ndani ya soksi. Ya kijani, kwenye droo."

"Soksi safi?"

"Safi, Bibi!"

Wakacheka wote. Pumzi zao zikaonekana hewani, mawingu mawili madogo juu ya meza, na hapo Ramiro akaacha kucheka.

"Bibi, mbona kuna baridi hivi? Mafuta yamekwisha?"

"Yapo. Nikiwa peke yangu napunguza joto. Naona kama anasa, nyumba nzima kumpashia mtu mmoja." Akapangusa krimu kidoleni. "Yaliwahi kukwisha mara moja. Mwaka aliokufa Réal wangu. Nyumba ilijaa watu siku ya mazishi, hakuna aliyekumbuka tangi. Nyumba ya muuza mafuta ikaishiwa mafuta! Asubuhi naamka peke yangu, vidole havikunjiki. Na unaamini? Namba ya kampuni yetu wenyewe sikuikumbuka. Kichwa kilikuwa kimeondoka na Réal."

"Ukafanyaje?"

Bibi akaonyesha kwa kidevu. Juu ya simu ya ukutani, kwenye mbao zenyewe za ukuta, mtu aliandika kwa rangi nyeusi ya kupaka mlango, kwa herufi nene zilizopinda: MAFUTA. Chini yake namba.

"Aliniandikia tulipooana. Nikamgombeza, ameniharibia ukuta. Asubuhi ile nilitamani nimbusu ule mkono."

Ramiro aliutazama ule ukuta. Herufi zilikuwa mbaya kuliko zote alizowahi kuziona. Rangi ilichuruzika kwenye M. Na mwanamke aliyetoka kuzika mume, vidole vimekufa ganzi na machozi machoni, alizisoma mara moja, akapona.

Aliaga mapema. Njiani hakuwasha redio.

Usimhukumu bado. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza yake, akaibomoa kazi aliyojivunia. Maneno ya kijivu akayafanya meusi. Juu kabisa akaweka namba ya simu. Katikati akaweka kitufe kipana cha rangi ya chungwa, maandishi yake mtu anayasoma akiwa upande wa pili wa barabara: AGIZA MAFUTA. Nyumba akaiacha, theluji akaipunguza ili ukurasa usichelewe kufunguka kwenye simu za watu. Tone akalikalisha pembeni ya paa. Likifika hucheza mara moja, linaketi, linatulia. Alipomaliza aliona kitu cha ajabu: ukurasa ulikuwa mzuri zaidi. Macho yalifika yalikotakiwa, na yakifika, yalipumzika.

Akajisikia msafi kama aliyetoka kuungama. Alisahau tu kwamba kuna mahali kwenye mtaa wa pili, kidole kimoja cha kizee kilikuwa kimefundishwa njia nyingine.

Ijumaa Solange alimkuta kwenye mashine ya kahawa.

"Umechoka."

"Nimeubadilisha ukurasa. Nilikuelewa. Usiniulize nimefanya nini, utaona kesho."

Uso wa Solange ulifunguka taratibu, kama yale madirisha ya nyumba yakiwaka. Akamshika mkono, pale mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Na Bibi hukwenda kumwona?"

Lilikuwa swali jepesi. Aliliuliza akitabasamu. Jibu la kweli lilikuwa fupi, na kama Ramiro angelitoa pale, labda angegombezwa, halafu mambo yakaisha kwa kikombe cha kahawa. Lakini mkono wake ulikuwa ndani ya mkono ule, na ulikuwa na joto.

"Mimi na Bibi wapi? Nimeshinda kwenye kompyuta."

*

Jumamosi Bi Gisèle alikuja na buti zake za kazini, akakaa kwenye chumba cha watazamaji katikati ya viti vyote, Ramiro pembeni yake. Walikuwa wawili tu. Kidude cha kitufe chekundu kilikuwa mezani kati yao.

"Naruhusiwa kusema humu?" aliuliza Bi Gisèle.

"Kwa sauti ndogo, Ma... Bi Gisèle. Hawatusikii."

"Umevaa tai."

"Ndiyo."

"Nani kafa?"

Kwenye skrini, Bibi Albertine alikuwa amekaa wima mbele ya kompyuta, amevaa hereni za kanisani. Solange alikuwa kando yake.

"Bibi, hatukupimi wewe. Tunaupima ukurasa."

"Mnipime tu, siogopi."

"Tangi lako limekauka. Unataka mafuta. Fanya kama uko nyumbani, na useme kila kinachopita kichwani mwako. Kila kitu. Usibakize."

"Hata kama ni siri?"

Solange akacheka. "Hata kama ni upuuzi, Bibi. Mashine inarekodi, mimi nasikiliza."

Ukurasa ukafunguka. Ilikuwa mara ya kwanza Solange kuuona ulivyobadilika. Ramiro hakuutazama ukurasa, alimtazama yeye. Alimwona akiona maneno meusi. Alimwona akiona kitufe. Alimwona akiliona tone, likicheza mara moja na kuketi. Halafu, kinyume kabisa na sheria zake mwenyewe, Solange aliinua macho akaitazama kamera. Mtazamo ule ulipita kwenye waya na ukuta ukamfikia Ramiro kifuani.

"Hm," alisema Bi Gisèle. "Hii hata mimi naielewa."

Ramiro alikaribia kulia. Soksi ya kijani ilikuwa mfukoni mwake.

"Haya," ilisema sauti ya Bibi. "Naona nyumba. Naona namba ya simu ya Réal wangu, Mungu amrehemu. Naona kitufe kikubwa cha rangi ya chungwa, kimeandikwa Agiza mafuta."

"Eeh," alinong'ona Ramiro.

"Kizuri sana. Lakini hicho sicho."

Ramiro akashika kiti.

"Kwa nini sicho, Bibi?" aliuliza Solange.

"Maandishi ni mapambo," alisema Bibi Albertine kwa uhakika wa mtu aliyesoma. "Mimi natafuta tone. Lilikuwa linacheza juu ya paa. Mbona limekaa? Limechoka? Ngoja. Nalibonyeza tumboni. Halisikii. Nalibonyeza tena."

"Mama yangu ana nini leo?" Bi Gisèle alisogea mbele. "Kitufe si hicho mbele ya pua yake?"

Jasho lilikuwa linamshuka Ramiro ndani ya tai. Bonyeza cha chungwa, Bibi. Bonyeza cha chungwa, nakuomba, sahau kila nilichokuambia. Nyayo zake zilikuwa zinabonyeza sakafu.

"Nalibonyeza mguuni. Wapi. Kichwani. Wapi. Juzi lilisikia mara moja."

Solange alikuwa ameshika kalamu, na kalamu ikasimama.

"Juzi, Bibi?" Sauti ya kazi bado ilikuwepo, isiyoegemea popote, ila imekonda.

"Hilo nisingelisema. Niliahidi sitamwambia mtu. Lakini wewe umesema nisibakize, na kufikiri si kumwambia mtu, au vipi? Basi nafikiri hivi. Nafikiri yule mwana wa jangwa alikuja na keki, akanifundisha vizuri kabisa, akasema tone, tumboni, tuwafurahishe watu. Na sasa nafikiri kuna mtu amemhamishia tone lake, maskini, baada ya kazi yote ile." Bibi akavuta pumzi, akaendelea kutimiza wajibu wake. "Na nafikiri soksi ya kijani si mahali pa kuweka pete, hata kama safi."

Bi Gisèle aligeuza kichwa taratibu, kama lori linapogeuka kwenye njia nyembamba.

"Pete?"

Ramiro akaufunika mfuko kwa kiganja.

"Soksi?" aliuliza Bi Gisèle.

Kwenye skrini, Bibi alikuwa ameinamia kompyuta. "Basi ngoja nijaribu hiki cha chungwa, kwa kuwa hakuna njia nyingine." Akabonyeza. Ukurasa wa kuagiza ukafunguka palepale, safi, bila kukwama. "Aa! Kumbe kinafanya kazi! Solange, mafuta yanakuja! Mbona hakuniambia hiki? Ndicho rahisi zaidi."

"Ndicho rahisi zaidi, Bibi," alisema Solange. "Umefanya vizuri. Umefanya vizuri kuliko wote."

Akaiweka kalamu chini. Hakulia, wala hakupandisha sauti. Aliinua macho kwa mara ya pili, akaitazama kamera, na safari hii hakukuwa na dirisha lolote lililowaka.

"Ramiro," alisema. "Jana nilikuuliza."

Akangoja. Bibi akamtazama mjukuu wake, akaitazama kamera, mkono ukapanda mdomoni.

Mashine ya joto ilivuma ukutani. Ramiro alitazama mlango. Alitazama dari. Alitazama buti za Bi Gisèle. Alikuwa na maelezo mengi, mazuri, yamepangika vizuri: ule ukuta, ile M iliyochuruzika, kazi yote ya juzi. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu la swali.

"Mama yangu ni shahidi wa kazi yako," alisema Bi Gisèle kwa sauti ndogo. "Kazi nimeiona, nimeikubali. Sasa namtazama mtu."

Akanyoosha kidole kimoja, akakisukuma kile kidude juu ya meza mpaka kikagusa mkono wa Ramiro.

Ramiro hakuweza kusema hakukiona. Kilikuwa kitufe chekundu, kipana, kimeandikwa ONGEA kwa herufi ambazo hata paka angezisoma.